Gari la Kumbeba Mama Mkwe

Kabla gari halijaonekana, lilisikika. Ilikuwa sauti nyembamba ya bati, ya kutetemeka, kama ya mtu anayemwaga mbegu za alizeti ndani ya debe tupu, taratibu, bila kumaliza. Ilianzia nyuma ya mawe makubwa ya Mwankoko, ikapotea gari lilipoingia kwenye mchanga wa korongo, kisha ikarudi kwa nguvu zaidi. Chediel aliacha waya aliokuwa akiumenya, akanyoosha shingo. Kuku waliokuwa wamelala kivulini nao waliinuka, wakasikiliza. Ndipo lilipotokeza lenyewe: gari la juu, dogo, rangi ya fedha iliyoanza kufifia, fupi kwa mwili, refu kwa miguu, na ndani yake Kefa dalali akipiga honi kana kwamba pale nyumbani hapakuwa na mtu mwenye masikio.

Kefa alishuka, akaufunga mlango kwa madaha ili mnunuzi asikie uzito wake.

"Kaka Chedi, chuma hicho. Namba E, usajili wa juzi tu. Ilikuwa ya mama mmoja wa ofisini, yeye na gari ni nyumbani, kazini, kanisani. Haijawahi kulala gereji hii."

"Na hiyo sauti?"

"Sauti gani?"

"Hiyo iliyotangulia kufika kabla yako."

"Aa, hiyo!" Kefa alicheka. "Kibati cha ekzosi, kaka. Boliti moja imelegea. Fundi anakaza huku anakunywa chai."

Chediel aliinuka, akaliendea gari. Alifungua mlango wa nyuma, upande wa dereva, akapiga goti kwenye vumbi, akatoa mfukoni uzi mweupe wa katani wenye fundo moja. Ncha ya uzi aliikanyaga kwa kidole gumba cha mguu, akauvuta juu mpaka kwenye ukingo wa siti. Fundo likaangukia pale pale, kwenye mshono wa kitambaa. Akarudia. Likaangukia pale pale.

"Wewe unanunua gari au unashona suruali?" aliuliza Kefa.

"Nanunua gari."

"Basi watu hutazama injini kwanza."

"Nitaitazama," alisema Chediel, akaukunja uzi, akaurudisha mfukoni.

Habari ya uzi ule ilikuwa hivi. Mama mkwe wake, Mama Severina wa Mungaa, aliteleza kwenye jiwe la kuanikia uwele na nyonga ikavunjika. Alipasuliwa, akawekewa chuma, akarudi kwake na fremu ya kutembelea. Hospitali ya mjini ilimwambia jambo moja na kulirudia mara nyingi ili lieleweke: kila Jumatano aje kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akija, atatembea. Asipokuja, mguu utakauka ulivyo, na yeye atabaki mtu wa kukalishwa na kuinuliwa.

Kumhamishia mjini kusingewezekana, maana kwao mama mkwe halali nyumba ya mkwe wake. Hawaketi kiti kimoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Husalimiana, na salamu ikiisha, lenye kusemwa husemwa kwa kupitia mtu wa tatu. Loyce, mkewe Chediel, alikuwa mwalimu wa darasa la saba, na Jumatano ni siku ya shule. Dorkas, mke wa kaka yake Loyce, ndiye aliyempikia mama kule Mungaa, lakini alikuwa na watoto wadogo na mifugo. Chediel peke yake ndiye aliyekuwa huru katikati ya wiki, kwa sababu kazi yake ya kufunga sola na nyaya za umeme haikuwa na kengele. Mtu pekee mwenye nafasi ya kumbeba mama yule alikuwa ndiye mtu pekee asiyeruhusiwa kumgusa.

Jumatano ya kwanza Chediel alikodi gari dogo la chini, la kimya, injini yake hata ukiegemea boneti huisikii. Lilifika uani Mungaa bila kutangulizwa na chochote, likamkuta Mama Severina amekaa kwenye mkeka, kichwa wazi, mguu mbovu umenyooshwa nje ya kanga. Hilo likapita. Lililofuata halikupita. Kuingia aliingia, kwa kuwa kuingia kwenye gari la chini ni kujiachia tu. Kutoka ndiko kulikoshindikana. Mbele ya watu waliokuwa wamepanga foleni hospitalini, Chediel alilazimika kuingiza mikono chini ya makwapa ya mama mkwe wake na kumvuta nje. Jioni mama alimpigia simu binti yake.

"Mguu uache ukauke," alisema. "Sitatolewa garini na mkwe kama ndama anayevutwa tumboni mwa ng'ombe."

Tangu hapo Jumatano zilipita bila yeye. Loyce alibembeleza, akalia, akanyamaza, akaanza tena. Mwisho alipata kitu kimoja tu: mama angejaribu gari moja zaidi. Moja. Likishindwa, asisikie tena mtu akimtajia habari ya gari wala ya hospitali. Siku aliyokwenda kumtembelea, Loyce alimpima kwa uzi kutoka ardhini mpaka kwenye ukingo wa kitanda anachoweza kukalia na kuinukia mwenyewe, akafunga fundo, akamletea mumewe.

"Gari lolote utakalolitaka mimi nitalipenda," alimwambia. "Lakini lifike hapa. Lisizidi, lisipungue."

Walikuwa wamejiwekea akiba ya gari kwa muda mrefu, ya kazi na ya familia, na akiba hiyo haikuwa ya kuruhusu makosa mawili. Chediel alizunguka mjini na uzi wake. Magari ya chini, fundo lilielea juu ya siti kwa kiganja kizima. Magari makubwa ya safari, siti ilikuwa juu ya fundo, mama angehitaji kunyanyuliwa kama gunia. Gari moja la mlango wa kuburuta lilipatana na uzi vizuri sana, ila tumbo lake lilikuwa karibu na ardhi, na barabara ya Mungaa ina mawe yasiyosamehe tumbo la gari. Madalali wakaanza kumwita Mzee wa Uzi, ingawa hakuwa mzee. Yeye hakujali, au alijali na hakuonyesha.

Sasa alifungua boneti. Injini ilikuwa ndogo, kavu, haina oshaosha ya kuficha mafuta yanayovuja. Akachungulia chini, akagusa shokapu, akatikisa magurudumu. Akajaribu mlango wa nyuma wa kushoto, haukufunguka.

"Huo unafungukia ndani tu," alisema Kefa haraka. "Usalama wa watoto."

"Usalama wa watoto unazuia kufungua kwa ndani, Kefa. Huu umekataa kwa nje."

"Basi usalama wa watu wazima."

Chediel alicheka, ikawa mara ya kwanza asubuhi hiyo. Akaingia kwenye usukani.

Hakulipeleka kwenye lami. Kila dalali wa mjini hupenda gari lake lijaribiwe kwenye lami, ambako hata kitanda chenye matairi kingetembea vizuri. Chediel alilipeleka kwanza kwenye korongo, akasimama katikati ya mchanga kwa makusudi, akaondoka. Matairi yalizunguka kidogo, yakauma, yakatoka. Akalipeleka kwenye barabara ya mikunjo inayotikisa meno, akasikiliza: kibati kilipiga kelele, buti ikagongagonga, lakini usukani haukucheza mikononi. Kwenye mlima wa mawe, akiwa amewasha kiyoyozi, gari lilihema. Alipozima kiyoyozi lilipanda.

"Nguvu si nyingi," alisema.

"Unashindana na nani Mungaa?"

Hilo lilikuwa neno la kweli. Akaingia sokoni katikati ya mikokoteni ya vitunguu, akapima namna linavyokata kona. Liligeuka mahali ambapo pikapu ingerudi nyuma mara mbili. Alikaa juu kiasi cha kuona migongo ya watu na matenga ya kuku kabla hajayafikia. Aliporudi nyumbani alilaza siti za nyuma, akaingiza paneli ya sola na ngazi fupi. Vikaingia, ngazi ikichungulia kidogo. Mlango wa buti haukubaki juu wenyewe, ukamwangukia kisogoni.

"Huo ukiuwekea kijiti, unakaa," alisema Kefa.

"Kwa hiyo nauziwa pamoja na kijiti chake?"

"Kijiti bure, kaka."

Loyce alitoka ndani na chai, akazunguka gari bila kusema, akakaa kwenye siti ya nyuma na mguu mmoja ameunyoosha kama wa mama yake. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko walivyotegemea. "Siti ngumu," alisema mwishoni. "Lakini naweza kuinuka." Akainuka bila kushika kitu, akarudi ndani.

Kefa alisema kuna mtu wa Itigi analitaka gari hilo na angefika Alhamisi. Pengine alikuwepo, pengine hakuwepo. Watu wa Itigi hutajwa sana na madalali wa Singida. Wakakubaliana kwamba Jumatano gari liende Mungaa, limlete mama hospitalini na kumrudisha, na Kefa awemo, kwa kuwa gari lisilolipiwa halitembei bila dalali. Kwa Chediel hilo lilikuwa heri. Mtu wa tatu angekuwepo.

Jumatano wakaondoka asubuhi. Walipita Ikungi, wakaacha lami, wakashika barabara ya udongo kati ya mashamba ya mabua ya alizeti yaliyokaukia wima. Kibati kilianza wimbo wake tangu kwenye jiwe la kwanza, kikaimba mpaka Mungaa. Chediel alikuwa na aibu nacho. Aliona watu wakitoka milangoni kabla hawajawafikia.

Walipoingia uani, Mama Severina alikuwa amekaa kwenye ukingo wa baraza, mgongo wima, amejifunga kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, fremu mbele yake, uso ameugeuzia upande wa zizi. Dorkas alikuwa nyuma yake na mtoto mgongoni.

Chediel alisimama mbali, kwenye ua wa minyaa. "Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe. Wa kwako hawajambo?"

"Hawajambo mama."

Basi, salamu zikaisha. Kefa akalisogeza gari mpaka barazani, mlango wa nyuma wa kulia ukiwa wazi, kwa kuwa wa kushoto ulikuwa na mgomo wake. Chediel aligeuka, akawapa mgongo wote, akatazama minyaa. Hakuona kitu, alisikia. Alisikia miguu ya fremu ikigonga saruji. Alisikia Dorkas akisema kitu kwa Kinyaturu, na mama akimjibu asimguse. Alisikia pumzi ndefu, kisha siti ikilia, kisha mburuto wa nguo kwenye kitambaa, kidogo kidogo, kama mtu anayeburuta gunia lisilo na haraka.

"Nimeingia," alisema Mama Severina, bila kumwambia mtu yeyote.

Alikuwa ameingia kwa mgongo, akajisogeza hadi mlango wa kushoto, akauegemea, mguu mbovu ameunyoosha juu ya siti mpaka upande wa dereva. Fundo la uzi halikusema uongo.

Chediel alikaa kwenye usukani, Kefa pembeni yake. Akainua macho kwenye kioo cha kati ili aone nyuma. Kilichokuwa ndani ya kioo hakikuwa barabara. Ulikuwa uso wa mama mkwe wake, wote, mapana na marefu, na macho yake mawili yakimtazama yeye.

Wote wawili walishtuka kwa pamoja. Mama aligeukia dirisha. Chediel akapeleka mkono, akakisukuma kioo juu, kikabaki kinatazama kitambaa cha dari. Kefa alikuwa akipiga picha gari kwa ajili ya stetasi ya simu yake, hakuona.

Njia ya udongo waliipita polepole. Mazungumzo yalipita kwa Kefa, kama maji yanayopita kwenye mfereji.

"Kijana, mwambie mkwe siti hii ngumu."

"Boss, siti ngumu."

"Nimesikia. Mwambie nitaiwekea godoro dogo."

"Mama, anasema amesikia, ataweka godoro."

"Nimesikia kwamba amesikia. Mwambie asiweke la rangi rangi."

"Boss, godoro liwe la heshima."

"Hajasema hivyo," alisema Chediel.

"Nafupisha, kaka. Mimi ni dalali, siyo redio."

Nyuma kulitoka sauti fupi ya puani. Chediel hakuwa na hakika kama ilikuwa maumivu au kicheko, na hakuwa na kioo cha kumwambia.

Walipoingia kwenye lami, kabla ya Ikungi, gari lilitulia, kibati kikanyamaza. Upepo ulikuwa ukilisukuma kidogo ubavuni, si sana. Mbele yao alikuwepo mwendesha baiskeli aliyebeba magunia ya mkaa, akiyumba. Chediel alitaka kumpita. Kwa mazoea macho yake yalipanda kwenye kioo cha kati. Kikampa dari. Alipogeukia kioo cha pembeni alikuwa tayari ameanza kuhamia kulia, na hapo hapo honi ikapasuka sikioni kwake: basi, refu, lilikuwa limekwisha kuanza kuwapita wao. Alikata kushoto. Baiskeli ilikuwa pale. Akakata zaidi, tairi za kushoto zikaacha lami, zikala kokoto, gari likainama, likayumba, likasimama kwenye majani ya pembeni. Basi likaenda zake, honi bado ikilia. Mwenye mkaa alishuka kwenye baiskeli, akawatazama, akapanda, akaendelea.

Mama Severina alikuwa amepiga ukelele mmoja tu, mguu ulipogonga siti ya dereva. Sasa alikuwa anahema.

"Boss!" alisema Kefa, simu imeangukia miguuni. "Hii gari siyo yako bado!"

Chediel alishika usukani kwa mikono yote miwili ingawa gari lilikuwa limesimama. Injini ilikuwa ikiendelea kuunguruma kwa utulivu, haina habari. Alifikiri: limekwisha. Hili ndilo gari moja aliloahidi, na mimi nimelimaliza. Atarudi Mungaa, atakaa kwenye mkeka, na mguu utakauka.

"Kijana," alisema mama.

"Naam mama," alijibu Kefa.

"Mwambie mkwe..." Lori moja likapita, gari likatikisika. Aliposema tena, hakumsemesha Kefa. "Mkwe."

Tangu alipomwoa Loyce, hakuwahi kuitwa hivyo nje ya salamu. "Abee, mama," alijibu, kisha akakumbuka kuwa yeye ni mwanamume, akasema, "Naam."

"Hicho kioo kinatazama wapi?"

"Juu, mama."

"Juu kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Nani amekigeuza?"

"Mimi, mama."

"Kwa ajili yangu."

Chediel aliinamisha kichwa juu ya usukani.

"Nisikilize," alisema mama. Aliongea polepole, macho dirishani; sauti ilikwenda kwa mkwe, uso ukabaki kwa mashamba. "Adabu yako nimeiona tangu ulipoleta ng'ombe wa mahari. Hujawahi kunikosea. Hata ile siku ya hospitali hukunikosea, gari ndilo lilinikosea. Lakini leo basi lile lingetupata, wangetuokota mimi na wewe kwa pamoja, wangetulaza mahali pamoja, bega kwa bega, na watu wangepita kutuangalia. Hiyo ndiyo ingekuwa aibu, mkwe. Hiyo hata wazee wa Mungaa wasingejua waisafishe kwa mbuzi gani."

Kefa aliinamia simu yake, mabega yakimtetemeka.

"Rudisha kioo," alisema mama. "Wewe tazama nyuma ya gari. Uso wangu nitautunza mwenyewe."

Chediel alirudisha kioo. Ndani yake, mahali ulipokuwa uso, palikuwa na kanga. Mama alikuwa ameivuta ya kichwani mpaka kwenye pua, maua yake mekundu yamejaa nusu ya kioo. Nusu nyingine ilikuwa barabara, ndefu, nyeupe kwa jua, na nukta ya gari linalokuja kwa mbali. Alisubiri likapita. Akawasha indiketa, akaingia barabarani.

Hospitalini aliliingiza gari kwenye uwanja uliobanwa na pikipiki, akaligeuza mara moja, akaupeleka mlango wa kulia mpaka kwenye ngazi ya saruji. Kefa akaenda kuomba kiti cha magurudumu. Kabla hajarudi nacho, Mama Severina alikuwa amekwisha kujisogeza, ameweka mguu mzuri chini, ameshika fremu kwa mkono mmoja na kichwa cha siti kwa mwingine. Watu wa foleni walimwangalia. Chediel alikuwa upande wa pili wa gari, mikono nyuma, anahesabu misumari ya paa la kibanda cha mlinzi. Aliposikia watu wanamsalimu mama shikamoo, akajua amesimama.

Mtaalamu wa mazoezi alimweka muda mrefu ndani. Alipotoka alimwambia Chediel, kwa kuwa ndiye aliyemwona anasubiri, kwamba mguu umeanza kukakamaa lakini haujakauka. Bado unapindika, kwa maumivu. Jumatano zikiendelea bila kukatika, mvua zikija mama atakwenda shambani kwa fimbo. Zikikatika, yeye hatakuwa na la kufanya.

Kurudi hakukuwa na maneno mengi. Kefa alilala, kichwa kikigonga kioo cha pembeni. Chediel aliona basi nyuma yao likiwa bado mbali, akasogea mapema likapita. Kanga ya maua mekundu ilikuwa kwenye kioo. Mara moja ilisogea kidogo, likaonekana paji la uso limelegea kwa usingizi, naye akahamisha macho yake barabarani bila kukigusa kioo.

Walipofika Mungaa jua lilikuwa limeinama juu ya mawe. Kibati kiliwatangulia, na Dorkas alikuwa barazani amekwisha kuweka mkeka na maji. Chediel alishuka, akaenda kusimama kwenye minyaa yake. Akasikia: mburuto, pumzi, fremu, saruji.

"Nimetoka," alisema mama.

Kefa, aliyekuwa amezinduka na kuikumbuka biashara yake, akamgeukia. "Haya mama, mnunuzi ni huyu, lakini mwenye neno ni wewe. Gari vipi?"

Mama Severina alikuwa amekaa barazani. Aliligeukia gari, akalitazama kwa mara ya kwanza vizuri, kuanzia tairi mpaka juu, kama mtu anayetazama fahali aliyeletwa na watu asiowaamini.

"Siti ngumu," alisema. "Mlango mmoja kiburi. Kwenye mlima linapumua kama mimi. Lakini nimeingia na nimetoka, na hakuna aliyenivuta."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo Jumatano nitakuwa hapa."

Kefa alipiga makofi. Kisha akakuna kichwa. "Ila mama, Jumatano mimi sipo. Nina magari mengine ya kuuza. Nani atakuwa anakaa pale mbele, anafikisha maneno?"

"Pale aweke ngazi yake na waya zake," alisema mama. "Lisilo na maana halitasemwa. Lenye maana nitamwambia."

Chediel alibaki ameupa ua uso wake. Aliona ni lazima naye atoe kitu, akatafuta kilicho karibu, akakipata. Akasema, kwa sauti ya kufika barazani lakini isiyozidi hapo: "Mama, na ile kelele ya bati usijali. Kesho asubuhi namaliza. Ni boliti moja tu."

"Nani amekutuma?"

Chediel aliinua kichwa, uso bado kwenye minyaa.

"Nauliza, nani amekutuma uikaze? Lile gari la kwanza lilikuja kama nyoka. Mkaingia uani mkanikuta niko kichwa wazi, mguu nje, kama mtu asiye na wakwe. Leo nimewasikia mkiwa bado kule kwenye mawe. Nikanawa uso. Nikafunga kanga. Nikajivuta mpaka hapa nikakaa, nikawangoja nikiwa mtu. Zamani mkwe alikuwa anakohoa tangu njiani, anapiga fimbo kwenye miti, mtu anajiandaa. Siku hizi mnakuja na vitu visivyokohoa." Alikunywa maji, akamrudishia Dorkas kikombe. "Hili linakohoa. Liache."

Kefa alimtazama Chediel kwa macho ya mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akificha kelele za magari, na leo ameona moja ikinunuliwa. Akaanza kusema. Chediel akamwashiria kwa mkono anyamaze.

Upepo ulivuma kwenye minyaa. Chediel hakugeuka. Aliutazama ua kama alivyotakiwa, akatoa sauti kubwa kuliko aliyowahi kuitoa katika uwanja ule, ili isihitaji kubebwa na mtu.

"Jumatano nitakuja, mama, na kila Jumatano mpaka uniambie mwenyewe kwamba umechoka kutembea. Kioo kitatazama barabara. Na hilo bati, mimi mkwe wako nakuahidi, hatalikaza mtu."